Kitenge cha Wakwe

Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, saa kumi jioni, Nabintu alikuwa barazani kwake, mtaa wa Dearborn, Black Rock, mjini Buffalo, akipima kitenge cha harusi. Jora lilikuwa jeupe lenye majani ya muhogo ya kijani. Sebule haikulitosha, kwa hiyo alilikunjulia nje: likapita juu ya ukingo wa baraza, likashuka ngazi, likazunguka mlingoti wa sanduku la barua na kurudi lilikotoka. Upepo ulivuma kutoka mjini na harufu ya nafaka inayookwa kiwandani, na hiyo ilimaanisha mvua haipo. Alikuwa na chaki mkononi na pini mdomoni.

Kugawa kitenge cha harusi kuna adabu yake. Wa mbali huwekewa alama kwanza, maana vipande vyao vina safari. Wanawake wanne wa Louisville walitangulia, wakafuata wanne wa Columbus. Baada yao huja kipande cha wakwe. Hakiwekwi mwanzo, wakwe wasije wakavimba kichwa, wala hakiwekwi mwisho, kwa sababu mwisho wa jora ni mabaki na mkwe hapewi mabaki. Wenyeji hujigawia baadaye, na kitambaa kikipungua ni shauri lao. Nabintu, shangazi wa bibi harusi, alikuwa mmoja wa wenyeji watatu. Jumla ilikuwa vipande kumi na viwili, vyote vimetiwa alama ya chaki, hakuna kilichokatwa bado.

Ndipo kaka yake Bagula alipotokea na gari lake la kijivu, akitoka zamu ya ghalani. Bagula ndiye baba wa Précieuse, bibi harusi mwenyewe, na alikaa orofa ya juu ya nyumba hiyohiyo. Nyuma yake lilikuja gari la polisi limewasha taa. Yote mawili yalisimama mbele ya baraza.

Bagula alifanya alivyofundishwa na marehemu baba yao kule Walungu: mwenye mamlaka akisimama, wewe usiketi. Akatoka garini. Akatoa leseni kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko cha wa kulia, akainama kidogo. Huko kwao ungezunguka vilima vyote usipate heshima iliyozidi hiyo. Polisi alirudi nyuma hatua mbili, akashika bastola kiunoni, akamfokea arudi ndani ya gari. Bagula akarudi.

Nabintu alitoa simu akaanza kurekodi. Ilikuwa mazoea zaidi kuliko ushujaa. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyerekodi harusi, ubatizo na misiba ya Wakongomani wa Buffalo, na video zake zilitumwa Louisville na Columbus kabla maharusi hawajaamka. Na video ya jamaa haianzi kimyakimya kama mwizi. Mrekodi humtambulisha kila aliyemo, kisha kila mtu husalimia walio mbali.

"Huyu njo kaka yangu Bagula, baba ya bibi-arusi," alisema. "Na huyu ni polisi. Bon, monsieur polisi, salimia famille ya Louisville."

Polisi hakujua Kiswahili, kwa hiyo Nabintu aliinua mkono akaupunga, kumwonyesha jinsi watu wanavyosalimia. Polisi alimwambia kwa Kiingereza aache kurekodi. Akamwambia tena, na mara ya tatu akamwambia asogee nyuma. Nabintu alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyumba yake mwenyewe. Nyuma yake kulikuwa na jiko tu. Hakusogea, wala simu haikushuka.

Kisha Bagula aliamriwa atoke garini alikorudishwa. Kabla hajautoa mguu, polisi aliinama kumvuta. Mambo yakaenda mbio. Bagula akawa chini kifudifudi na pingu, gari la pili likafika, polisi wa pili akapanda ngazi, akaichukua simu mkononi mwa Nabintu, akaitia katika mfuko wa plastiki na kuandika namba juu yake kwa kalamu nene. Tangu mwanzo hadi mwisho zilipita dakika tisa. Kitenge kilikuwa pale ukingoni muda wote, kimetazama barabara.

Taarifa ya polisi ilisema kwamba Bagula alimpiga ofisa kichwani hata kofia ikamruka. Ilisema pia kwamba mwanamke mmoja alimtolea ofisa amri kwa lugha isiyojulikana na kumwinulia mkono kwa vitisho. Bagula aliachiwa kesho yake asubuhi na karatasi ya mahakama, na Nabintu akapewa ya kwake, ya kuzuia kazi ya polisi. Simu ilibaki huko. Bagula alikuwa ameomba uraia mwaka uliotangulia na sasa alisubiri siku ya kiapo. Mtu aliyempiga polisi haapishwi. Huenda hata akarudishwa kwenye nchi aliyoikimbia. Alipanda ngazi hadi orofani bila kula.

Shughuli ya harusi haingojei kesi. Jumapili baada ya kanisa Nabintu alikata kitenge kwa kufuata alama, na Jumatatu akavipeleka posta vipande vya Louisville, vya Columbus, na kile cha wakwe.

Alhamisi mdogo wake Teopista alipiga kutoka Louisville. Nabintu alipokea kwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka.

"Yaya, kitenge imefika. Iko muzuri sana," Teopista alimwambia dada yake mkubwa. "Lakini ku kipande yangu kuko gari ya polisi. Iko inapita mu majani."

"Inaenda wapi?"

"Inatoka ku mukono ya kushoto, inakuya mpaka karibu na pindo, inasimama. Kisha inaanza tena."

"Rangi haikutoka?"

"Hapana, rangi iko bien."

"Basi peleka kwa fundi," Nabintu alisema. "Muambie asikate fupi."

Jioni ile Patricia, binamu yao wa Columbus, alipiga pia. Kwake polisi alikuwa akianza kuinama mlangoni mwa gari, katikati ya majani ya muhogo, na ukitega sikio ulimsikia akimwamuru Bagula atoke. Patricia alikuwa amegundua kwamba sauti hutoka kitambaa kikiwa kikavu tu. Kikipata unyevu hubaki na picha peke yake. Alishauri kisifuliwe bure.

Nabintu alitandika kipande cha mwisho cha Buffalo mezani akakipiga pasi. Polisi wa pili alipanda ngazi akachukua simu. Nabintu alipitisha pasi juu yake mara tatu, na mara zote tatu alipanda na kuichukua. Picha ilikuwa safi kuliko ya simu ile, ambayo kwa kweli ilikuwa na mkwaruzo.

Usiku huo na siku iliyofuata walihesabu kwa simu, Buffalo, Columbus na Louisville, kila mmoja akieleza kilichomo katika kipande chake. Kipande cha nne cha Columbus kiliishia polisi anapoanza kuinama mlangoni mwa gari, kofia kichwani. Kipande cha kwanza cha Buffalo kilianza Bagula akiwa chini tayari, kofia iko lami. Kofia ilivyotoka kichwani na kufika lami haikuwamo katika vipande kumi na kimoja. Ilikuwamo katika kile cha wakwe.

Mkwe mwenyewe aliitwa Editha, mama wa bwana harusi Clinton. Alikuwa Mtanzania, muuguzi, na aliishi Westerville na mumewe Severin aliyefundisha hesabu chuoni. Nyumba yao ilikuwa na nyasi zilizonyolewa na kengele ya mlango inayoimba. Nabintu alimpigia Jumamosi, akauliza hali ya kila mtu hadi paka, kisha akauliza kuhusu kitenge.

"Nimekipata, shangazi, nashukuru sana," Editha alisema. "Kimenipendeza. Fundi ameshamaliza gauni. Hicho unachokiulizia nimekiona. Kimeangukia mgongoni."

"Na kofia, mama Clinton? Inaonekana inaanguka namna gani?"

"Shangazi, mimi na Severin tuna miaka kumi na saba hapa. Hatujawahi kugombana na mtu. Yeye karatasi zake za ukaazi ziko mezani kwa watu wa uhamiaji hata leo. Nimenunua mtandio mzuri wa kijani, nitajifunika nao siku ya harusi, na watu watajua nimevaa sare. Usinielewe vibaya."

"Sawa, mama Clinton," Nabintu alisema. "Aksanti kwa mutandio."

Hakuomba tena. Mkwe haombwi jambo mara mbili. Ukimrudia unamvua nguo, na binti yako ndiye atakayeishi na aibu hiyo. Nabintu aliijua sheria hii kuliko alivyojua za jimbo la New York. Aliweka simu mezani akalia kwa hasira, kisha akaosha uso akaenda kazini, kwa bibi mmoja mgonjwa wa Kipolandi, kazi yake ikiwa kumlisha na kumgeuza kitandani kila wikendi.

Wakili waliyepewa bure aliitwa Bi Wozniak. Ofisi yake ilikuwa juu, dirisha limetazama maghala ya zamani ya nafaka kando ya mto. Nabintu alimpelekea kipande chake, naye akakitandaza juu ya mafaili, akavaa miwani, akakitazama mara nne huku akiandika. Aliuliza kama kinapatikana katika ukubwa mwingine. Kisha akamwuliza Nabintu, kupitia mkalimani wa kwenye simu, kwa nini hakuacha kurekodi alipoambiwa mara tatu.

Nabintu alisema kwamba zamani, kwenye barabara ya Uvira, lori walilopanda lilisimamishwa na watu wenye bunduki. Waliwaambia abiria wote watazame miguu yao. Akatazama miguu yake. Alikumbuka mpaka leo viatu alivyovaa, vya plastiki, vya buluu, cha kushoto kimeshonwa kwa waya. Alipoambiwa anaweza kuinua kichwa mume wake hakuwamo tena lorini. Watu walipomwuliza baadaye ni nani aliyemshusha, alikwenda upande gani, alisema nini, hakuwa na la kujibu isipokuwa viatu.

"Donc mi siwezi tena kuangalia chini," alisema. "Shingo yenyewe inakataa."

Bi Wozniak alivua miwani. Alisema sheria iko upande wa Nabintu waziwazi: mtu yeyote, raia au mgeni, anaruhusiwa kumrekodi polisi anayefanya kazi hadharani, mradi hamzuii.

"Kama ni vile, ju ya nini simu yangu iko kwao?"

"Kwa sababu sheria iko upande wako na simu iko upande wao," Bi Wozniak alijibu. Akaongeza kwamba kwa Bagula mambo ni magumu zaidi. Bila kofia, ni neno la polisi na neno la mtu aliyetoka garini bila kuambiwa.

Harusi ilifanyika Westerville wiki ya tatu ya Novemba, katika ukumbi ulio nyuma ya duka la mazulia. Kwa Wakongomani, sherehe haijawa sherehe mpaka wanawake wa sare waingie. Huingia baada ya chakula kuanza, kwa mstari mmoja, wakicheza polepole mno, hatua mbele, hatua nyuma, wakiwa na zawadi vichwani kuelekea meza ya maharusi. Mwendo wa mita ishirini unaweza kumaliza nusu saa, na anayeharakisha hukemewa hapohapo.

Waliingia kwa mfuatano wa jora. Hakuna aliyekuwa amewapanga. Louisville ndiyo iliyokuwa karibu na mlango. Teopista alitangulia, na gari la polisi likapita tumboni mwake katikati ya majani na kusimama pindoni. Aliyemfuata alikuwa na Bagula anayefungua mlango. Nyuma yake ilikuja leseni, mikono miwili, kuinama. Wale wa Columbus wakafuata na sauti zao, maana ukumbi ulikuwa na joto na vitambaa vilikuwa vimekauka vizuri: kufoka kwa polisi, amri ya kwanza, ya pili, ya tatu, na Nabintu akisema kwa upole salimia famille ya Louisville. Baadhi ya watu wa Louisville waliokuwa mezani walipunga mikono. Wageni waliendelea kula, wakigeuza vichwa taratibu kufuata mstari, na mpiga kinanda alipunguza sauti ya kinanda ili watu wasikie.

Patricia alikuwa wa mwisho wa Columbus. Katika gauni lake polisi alianza kuinama, akarudi wima, akaanza kuinama tena. Nyuma yake alipaswa kuingia Nabintu, wa kwanza wa Buffalo. Nabintu alisimama mlangoni na sinia la vyombo kichwani, miguu ikicheza papo hapo. Aliona pengo la hatua tatu mbele yake na hakuweza kulipita. Kinanda kiliendelea. Wale wawili wa nyuma walimsukuma kidogo mgongoni, naye hakwenda.

Katika meza kuu Editha aliweka uma chini. Alitazama pengo lile, akamtazama Bagula aliyekuwa amekaa upande wa pili wa maharusi, amevaa suti mpya na macho yake yakiwa kwenye sahani. Editha akasimama. Akauvua mtandio wa kijani, akaukunja mara mbili, akampa Severin aushike. Severin aliushika. Editha akashuka na kuingia katika pengo, akacheza hatua mbele, hatua nyuma, kwa namna ya Kitanzania yenye mabega mengi. Kisha, kwa kuwa kilichotakiwa kilikuwa mgongoni, aliwageuzia wageni mgongo akaendelea kinyumenyume.

Polisi aliinama kumvuta Bagula. Mikono ya Bagula ilikuwa yote miwili juu ya usukani. Kichwa cha polisi kiligonga ukingo wa juu wa mlango wa gari, kofia ikaruka, ikabingirika hadi lami. Polisi alishika kichwa. Halafu ndipo alipomshika Bagula.

"Kumbe kofia imejiangukia," alisema mzee mmoja wa meza ya saba, akarudi kwenye kuku wake.

Bagula alifunika uso kwa kitambaa cha meza na kulia mabega yakitikisika, na Précieuse, ingawa bibi harusi hapaswi kuinuka, aliinuka akamshika baba yake kichwa. Nabintu aliingia ukumbini. Furaha ilimjaa hata sinia likawa jepesi. Bagula akawa tena chini kifudifudi tumboni mwake, pingu zikafungwa, simu ikachukuliwa, na mstari ukaisha mbele ya maharusi kama ilivyopangwa.

Wakati wa keki Editha alimfuata Nabintu karibu na spika.

"Shangazi, mahakama ni lini?"

"Mwezi ya kwanza, tarehe kumi na ine."

"Nitaomba ruhusa kazini," Editha alisema, akaenda kumtafuta Severin na mtandio wake.

Tarehe kumi na nne ya Januari theluji ilifika magotini. Wanne wa Louisville walikuwa wameondoka kwao alfajiri ya siku iliyotangulia kwa basi dogo la kanisa, wakawapakia wale wa Columbus na Editha njiani, na wote walilala sakafuni kwa Nabintu. Waliingia mahakamani kumi na wawili, makoti mazito juu, magauni ya muhogo chini, viatu vya theluji miguuni. Askari wa mlangoni aliwapitisha mmojammoja kwenye mashine. Mashine ililia kwa Patricia, kwa sababu ya sidiria, na kwa sababu hiyo tu.

Chumba kilikuwa na joto kavu, kwa hiyo sauti ilitoka vizuri. Jaji aliwaomba wapite mbele yake kwa mfuatano, akawaomba wapite tena taratibu zaidi. Alimwomba Bi Editha ageuke. Mwendesha mashtaka alisogeza kiti ili aone. Polisi mwenyewe alikuwapo na kofia yake mapajani, na alijitazama akipita kutoka gauni hadi gauni bila kupepesa.

Alipoulizwa alisema kitambaa ni safi na hana shaka nacho. "Lakini hakionyeshi nilichohisi," alisema. "Mimi nilihisi nimepigwa."

Jaji aliliandika jambo hilo. Akasema amekiona alichokiona, akatangaza mapumziko ya chakula.

Bi Wozniak alirudi kabla ya saa nane na karatasi kutoka kwa mwendesha mashtaka. Aliieleza nje ya chumba, Teopista akimfasiria Nabintu. Shtaka la Bagula lingefutwa leo hii, kabisa, kama halijapata kuwapo. Kwa upande wake Nabintu angesaini kwamba alizuia kazi ya polisi. Angekaa miezi sita bila kukaribia polisi yeyote aliye kazini kwa chini ya futi hamsini, awe na kamera, kitambaa au chochote. Magauni yote kumi na mawili yangebaki mikononi mwa mahakama. Bi Wozniak alisema Nabintu anaweza kukataa. Wakikataa wangeshinda, yeye aliamini hivyo, ila ingechukua mwaka mmoja au miwili, na shtaka la Bagula lingening'inia pamoja na lake muda wote huo.

"Usisaini," Bagula alisema. "Haukufanya kitu. Ata mutoto anaona mu kitenge kama haukufanya kitu."

"Bote bamekwisha kuiona," Nabintu alisema. "Na kiapo yako ni mwezi gani?"

Bagula alirudisha macho kwenye karatasi.

"Ni mwezi ya tano, kaka. Lete kalamu."

Alisaini mahali palipowekwa alama ya msalaba. Ile ilikuwa karatasi ya kusema uongo, na alikuwa amefasiriwa yote, neno kwa neno. Wanawake walivua magauni chooni, wakayakunja, wakayakabidhi na kutia saini. Walirudi nyumbani ndani ya makoti na nguo za ndani, vifungo vimefungwa hadi shingoni, na Editha alikaa katikati ya Teopista na Patricia kwa sababu ndipo palipokuwa na joto. Hakuna aliyeimba. Polisi alirudi kazini jioni ileile, zamu ya Black Rock.

Magauni yaliwekwa katika masanduku mawili kwenye ghala la vidhibiti. Baada ya wiki mbili mtunza ghala alimwandikia Bi Wozniak kuuliza namna ya kuyanyamazisha, kwa sababu yeye hukaa nayo zamu nzima. Nabintu alimjibu kwa heshima kwamba aweke bakuli la maji ndani ya kila sanduku. Alifanya hivyo, na baadaye alituma salamu za shukrani.

Mwezi wa nne Nabintu alirudishiwa simu ndani ya mfuko wake wa plastiki. Ilikuwa na harusi zake zote na misiba yake yote. Dakika tisa za Oktoba hazikuwamo, na karani wa dirishani alisema simu zina kawaida ya kusahau.

Bagula aliitwa kuapa Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, katika ukumbi mkubwa wa mjini wenye bendera na ngazi za mawe. Walikuwa watu tisini kutoka nchi thelathini na moja. Kila mmoja alipewa bendera ndogo ya kushika. Mwanamke aliyesimamia shughuli alikuwa mchangamfu, mwenye skafu nyekundu. Kabla ya kiapo aliwageukia jamaa waliokaa pembeni.

"Leo msione haya," alisema. "Toeni simu zenu, njooni mbele kabisa, rekodini. Hii ndiyo nchi yenyewe."

Watu walicheka, wakainuka, wakajaa mbele. Nabintu alitoa simu yake. Kisha akamwona polisi karibu na jukwaa, mtu mzima, mwenye tumbo na uso mwema, akiwapanga watu ili wafupi waone. Alikuwa kazini. Nabintu alikadiria futi hamsini kwa macho, alivyozoea kukadiria kitambaa, zikamfikisha kwenye ukuta wa nyuma. Akasimama pale.

Polisi alimwona mama peke yake nyuma, na simu mkononi. Alitabasamu akamwashiria aje. Nabintu alitikisa kichwa. Polisi akadhani anaona haya, akaanza kumfuata katikati ya viti ili amlete mwenyewe, akisema maneno ya upole kwa Kiingereza. Alipokuja hatua tano, Nabintu alirudi hatua tano kando ya ukuta. Alipokuja nyingine, Nabintu aliufikia mlango, akatoka ukumbini, na mlango ukajifunga polepole mbele yake. Ulikuwa na kidirisha cha kioo. Polisi alisimama katikati ya viti, akainua mabega, akabaki hapo.

Ndani watu tisini waliambiwa wainue mkono wa kulia. Bagula aliuinua wa kwake baada ya wengine wote, kiganja wazi, juu sana, kila mtu auone. Alikuwa akigeuza kichwa huku na huku, akimtafuta dada yake miongoni mwa watu wa mbele. Nabintu alibandika simu kwenye kioo akamrekodi kaka yake akiwa mdogo kama ukucha. Kiapo chenyewe hakikusikika.